Saburi Yenye Sauti: Ustahimilivu wa Mwanafunzi wa Kristo katika Biblia ya Kiswahili ya Mwaka 1952 na katika Riwaya ya Rosa Mistika

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dhana ya kustahimili dhiki kwa uaminifu kama inavyojitokeza katika matini mbili zilizoacha alama katika maandishi ya Kiswahili nchini Tanzania: Biblia ya Kiswahili ya Muungano (1952) na riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). Kwa kuongozwa na nadharia ya mwingilianomatini, makala yanadai kwamba saburi ya mwanafunzi wa Kristo katika Biblia hiyo si ukimya. Wastahimilivu wake wakuu husema, huuliza, hulalamika na hata hudai haki, bila kuiacha imani. Riwaya ya Kezilahabi, kupitia mhusika Regina, inaonesha madhara ya kuitenga saburi na sauti yake. Kwa hiyo makala yanapendekeza riwaya hii isomwe kama hoja inayotoka ndani ya msamiati wa Kikristo, na si kama shambulio la nje dhidi yake.

1.0 Utangulizi

Swali la makala haya halikuanzia maktabani. Mtafiti aliwahi kupanga chumba Mwenge, wilayani Kinondoni, katika nyumba ambayo wapangaji waligawana uwanja mmoja na bomba moja la maji. Usiku mmoja mpangaji mwenzake, mama wa watoto wawili, alipigwa na mumewe. Kulipokucha, wanawake watatu wa kikundi chake cha sala walifika na chupa ya uji, wakakaa naye mkekani, wakamwombea. Walipoinuka kuondoka, aliyekuwa mkubwa wao alimshika mkono akamwambia: “Vumilia, mwanangu. Msalaba haubebwi kwa kelele.” Yule mama hakujibu. Mtafiti, aliyekuwa amesimama karibu na ndoo yake ya maji, naye hakusema neno.

Wanawake wale walikuja kwa upendo, na hapana sababu ya kuwabeza. Walikuwa watu pekee katika mtaa ule waliobisha hodi asubuhi hiyo. Hata hivyo, kauli yao ilibeba madai ya kimatini: kwamba Maandiko yanamtaka mfuasi wa Kristo anyamaze anapoteswa. Madai ya namna hiyo yanaweza kuhakikiwa. Je, matini waliyoitegemea inasema hivyo? Na je, fasihi ya Kiswahili iliyoandikwa na watu waliolelewa ndani ya matini hiyo imelijibu vipi jambo hili?

Jibu la swali la pili lilipatikana mwendo wa miguu tu kutoka uwanja ule. Mlimani, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndipo aliposoma na baadaye kufundisha Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe ambaye kabla ya hapo alipitia Seminari ya Nyegezi. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilichapishwa mwaka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku shuleni. Mara nyingi mjadala juu yake huelekea kwenye malezi na maadili ya wasichana. Makala haya yanamtazama mhusika asiyetajwa sana, yaani Regina, mama yake Rosa, na kumsoma sambamba na msamiati wa Biblia ambao ndio lugha ya imani yake.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Uhakiki huu umeongozwa na nadharia ya mwingilianomatini iliyoasisiwa na Julia Kristeva katika miaka ya 1960, akiendeleza mawazo ya Mikhail Bakhtin kuhusu usemezano. Msingi wake ni kwamba hakuna matini inayosimama peke yake. Kila matini huzungumza na matini zilizoitangulia, huzikubali, huzipinga au huzigeuza. Msingi huu unafaa kwa mada iliyopo kwa sababu mbili. Kwanza, tafsiri ya Biblia yenyewe ni zao la mwingiliano: maneno ya Kigiriki yamepewa mavazi ya Kiswahili, na baadhi ya mavazi hayo yalikwisha kuvaliwa na Waswahili Waislamu kwa karne nyingi. Pili, riwaya ya Kezilahabi imetawaliwa na majina na taswira za Kikatoliki kuanzia kwenye jina lake. Mbinu iliyotumika ni usomaji makini. Kwa upande wa Biblia, kilichochambuliwa ni uteuzi wa maneno. Kwa upande wa riwaya, ni uhusika na muundo.

3.0 Neno Moja la Kigiriki, Maneno Manne ya Kiswahili

Waandishi wa Agano Jipya wanapozungumzia kustahimili dhiki hutumia zaidi neno hupomone na kitenzi chake. Kimuundo neno hilo limeundwa kwa dhana mbili, “chini ya” na “kukaa”. Yaani kubaki mahali pako ukiwa chini ya uzito. Tafsiri ya Muungano, iliyokusudiwa kuunganisha mapokeo ya tafsiri ya Unguja na ya Mombasa, haikulifasiri neno hilo kwa neno moja. Katika Warumi 5:3–4, Waebrania 12:1 na Yakobo 1:3–4 ilichagua saburi. Katika Luka 21:19 na Ufunuo 14:12 ilichagua subira. Katika Mathayo 24:13 ilitumia kuvumilia, na katika 1 Wakorintho 13:7 na 2 Timotheo 2:12 ikatumia kustahimili.

Uteuzi huu haukuwa wa bahati mbaya wala haukuwa kosa. Kiswahili kina utajiri katika eneo hili, na watafsiri waliutumia. Lakini kila neno lilikuja na historia yake, na historia hizo zimeendelea kusonga baada ya mwaka 1952.

Saburi na subira zina asili ya Kiarabu na ziliingia katika Ukristo wa Kiswahili zikiwa tayari na heshima ya kidini pwani, ambako nabii Ayubu alikuwa ametungiwa utenzi. Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilikamilika mwaka 1937, alijaribu kupunguza maneno ya asili hiyo. Watafsiri wa Muungano hawakumfuata. Tatizo la leo halihusu asili ya neno. Linahusu mabadiliko ya maana. Kitenzi kusubiri kimesogea, na katika mazungumzo ya kawaida kina maana ya kungoja. Abiria anayeambiwa na kondakta wa daladala asubiri, anatakiwa kusimama alipo hadi mwingine aamue kumwondoa. Msomaji huyo huyo anapofungua Warumi 12:12 na kukuta kwamba katika dhiki anatakiwa kusubiri, ni rahisi kwake kusikia agizo la kituoni: kaa hapo, ngoja. Mwandishi wa Waebrania alikuwa na picha tofauti kabisa. Kwake saburi ni sifa ya mtu anayepiga mbio mashindanoni. Mkimbiaji hangoji, anavumilia maumivu kwa sababu anakwenda mahali.

Kuvumilia nako kuna utata wake. Katika Wagalatia 5:22 Tafsiri ya Muungano inatumia uvumilivu kufasiri neno lingine, makrothumia, ambalo maana yake ni kuchelewa kukasirika, yaani kuwachukulia watu kwa upole. Hivyo neno moja la Kiswahili linabeba dhana mbili: kubaki katika imani chini ya majaribu, na kujizuia usimkasirikie anayekukosea. Mama wa Mwenge alipoambiwa “Vumilia”, alihimizwa asiiache imani yake, au alihimizwa asimkasirikie aliyempiga? Kauli ile haikutofautisha, na kwa kuwa haikutofautisha, mambo hayo mawili yakawa jambo moja: kuwa mwaminifu kwa Mungu kukawa sawa na kutomshitaki mume.

Neno la nne, kustahimili, ndilo lililo karibu zaidi na picha ya Kigiriki, kwa maana mzizi wake wa Kiarabu unahusu kubeba. Mtu anayepita kwenye soko la vinyago la Mwenge huweza kuiona picha hiyo katika mti. Katika vinyago vya Kimakonde vinavyojulikana kwa jina la “ujamaa”, watu wamepandana kuanzia chini hadi juu, kila mmoja akibeba na kubebwa. Mzigo ni wa kweli na walio chini wanauhisi. Lakini hakuna aliyeachwa aubebe peke yake. Sura hiyo inalingana na agizo la Wagalatia 6:2 la kuchukuliana mizigo, na itarejelewa mwishoni mwa makala haya.

4.0 Wastahimilivu Wanaosema

Kama maana za maneno zimesogea, ni lazima kuwatazama wahusika ambao matini yenyewe imewaweka kuwa mifano. Yakobo 5:11 inamtaja Ayubu kuwa kielelezo cha hupomone. Katika masimulizi ya Kiswahili Ayubu mara nyingi hukumbukwa kwa sura mbili za mwanzo, anapopoteza mali, watoto na afya na bado hamkufuru Mungu. Lakini sura hizo mbili ni utangulizi tu. Kuanzia sura ya 3 Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, na kwa takribani sura thelathini anabishana na rafiki zake, anadai kesi yake isikilizwe na anamhoji Mungu. Rafiki zake ndio wanaomtaka anyamaze na akiri kosa asilolijua. Hatimaye, katika 42:7, Mungu anasema kwamba rafiki hao hawakunena yaliyo sawa kumhusu yeye kama alivyonena Ayubu. Iwapo Yakobo alikisoma kitabu kizima, basi saburi aliyoisifu ni pamoja na malalamiko yale yote. Ayubu alibaki chini ya uzito, na alisema akiwa chini yake.

Mfano wa pili ni Yesu mwenyewe. Mhubiri anayetaka kusifu ukimya humrejelea kama mwanakondoo asiyefungua kinywa. Hata hivyo, Yohana 18:22–23 inasimulia kwamba alipopigwa na mmoja wa watumishi mbele ya kuhani mkuu, alimtaka aliyempiga aeleze kosa, na kama hakuna kosa, aeleze sababu ya kumpiga. Hakurudisha kofi. Hakukimbia. Lakini hakulipokea kofi lile kama jambo halali.

Mfano wa tatu ni Paulo, ambaye ndiye mwandishi wa mnyororo wa dhiki, saburi, uthabiti wa moyo na tumaini katika Warumi 5. Katika Matendo 16:37, baada ya kupigwa hadharani na kufungwa gerezani Filipi, anaambiwa aondoke kimyakimya. Anakataa. Anawataka wakubwa wa mji waje wenyewe kumtoa, kwa kuwa walivunja sheria ya Kirumi. Katika Matendo 22:25 anauliza kama ni halali kumpiga mijeledi raia ambaye hajahukumiwa. Mtu huyu alikuwa tayari kuteseka kwa ajili ya Injili, lakini hakuona kwamba kuitaja sheria ni kuusaliti msalaba.

Mifano hii mitatu inatoa vigezo vya uhakiki. Kwanza, dhiki ya mwanafunzi ina “kwa ajili ya”: askari, mshindani na mkulima wa 2 Timotheo 2 wote wanateseka kwa lengo wanalolijua. Pili, anayestahimili ni yule yule aliyeamua kubaki; hakuwekwa chini ya mzigo na mwingine kisha akaambiwa kwamba mzigo ni wake. Tatu, anayestahimili ni shahidi. Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa kuwa neno shahidi humtaja mtu anayetoa ushahidi barazani na pia mtu anayekufa kwa ajili ya imani, kama lilivyo neno la Kigiriki martus. Shahidi asiye na la kusema si shahidi.

Historia ya Kanisa katika Afrika Mashariki inathibitisha kigezo hicho cha tatu. Mwezi Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana wa Uganda, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na uonevu wa vyombo vya dola. Tarehe 16 ya mwezi huo Luwum aliuawa. Luwum hakuikimbia nchi yake, wala hakushika silaha. Lakini kilichomfikisha kwenye kifo kilikuwa ni kusema. Angenyamaza, huenda angeishi. Na tusingekuwa na sababu ya kuitaja saburi yake.

5.0 Regina na Saburi Iliyonyang’anywa Sauti

Kezilahabi alimpa Regina jina lenye uzito. Kwa Kilatini regina ni malkia, na ni cheo cha Bikira Maria katika litania, sawa na Rosa Mistika. Mama na binti wanashiriki utukufu wa jina wasioupata katika maisha. Malkia huyu wa Ukerewe ameolewa na Zakaria, mlevi anayempiga na kuiacha nyumba mikononi mwake. Regina analima, analea na anasali. Kwa vigezo vya uwanja wa Mwenge, yeye ni mwanafunzi kamili wa Kristo.

Swali ambalo riwaya inamlazimisha msomaji kujiuliza ni hili: uvumilivu wa Regina umezaa nini? Katika Warumi 5 mnyororo unaishia kwenye tumaini. Katika nyumba ya Zakaria mmoja wa mabinti anaitwa Sperantia, jina linalotokana na neno la Kilatini la kutumaini, lakini tumaini hilo limebaki kwenye jina tu. Zakaria anapogundua barua ya Charles kwa Rosa, anampiga binti yake kikatili, na kipigo kile kinamfunza Rosa kumwogopa mwanamume kabla hajamjua. Ulezi huo wa hofu unafuatwa na kuanguka kwa Rosa anapokuwa mbali na nyumbani, majuto yake, kuachwa kwake na Charles, na hatimaye kujiua. Mkono uliompiga Rosa ni ule ule uliozoea kumpiga mama yake. Dhiki ya mama haikukoma kwake, ilirithiwa.

Hapa ndipo vigezo vya sehemu iliyotangulia vinapoonesha tofauti. Dhiki ya Regina haina “kwa ajili ya”. Zakaria hampigi kwa sababu ya imani yake, na ulevi wa mume si Injili. Mzigo si wa kuchagua. Na zaidi ya yote, dhiki hiyo haina ushahidi, kwa kuwa hakuna baraza analofikisha neno lake: si kwa ndugu, si kwa kanisa, si kwa serikali. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka huo huo wa 1971 Tanzania ilitunga Sheria ya Ndoa ambayo, katika kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Serikali ilikuwa imeitambua kauli ambayo Regina hakuwahi kupewa nafasi ya kuitamka.

Muundo wa riwaya nao unaliunga mkono dai hili. Kezilahabi haimalizi hadithi kaburini. Anaipeleka mbele ya hukumu ya Mungu, ambako Rosa na baba yake wanakabiliana na Rosa anamshitaki. Wapo wanaoweza kuisoma sehemu hiyo kama kejeli dhidi ya dini. Mtafiti anaisoma tofauti. Kama mwandishi alitaka kusema kwamba imani ni bure, asingehitaji mahakama ya mbinguni, kaburi lingetosha. Kuiweka mahakama hiyo ni kukiri kwamba malalamiko ya aliyeonewa yanastahili msikilizaji wa juu kuliko wote. Hivyo ndivyo Ayubu alivyoomba. Sauti iliyokosekana maisha yote inatoka hatimaye katika kinywa cha binti, lakini inatoka baada ya mauti, wakati haiwezi tena kumponya yeyote. Msiba wa riwaya umo katika kuchelewa huko.

6.0 Hoja Kinzani

Hoja ya kwanza inayoweza kutolewa dhidi ya usomaji huu ni 1 Petro 2:18–20, ambako watumishi wanahimizwa kuvumilia hata wanapoonewa, na sura inayofuata inawahimiza wake watii. Mhakiki mwaminifu hawezi kuiruka aya hii. Lakini inafaa kuangalia inamwambia nani na katika hali gani. Watumishi wa nyumbani katika dola ya Kirumi wakati ule walikuwa watumwa wasio na baraza la kukimbilia. Barua inawafariji kwa kuwaonesha kwamba Kristo amepita walipo. Kumfariji asiye na mlango ni jambo moja. Kumfungia mlango aliye nao, kwa maneno yale yale, ni jambo lingine. Tena barua hiyo hiyo, katika 3:7, inawaagiza waume wawape wake zao heshima, na inawaonya kwamba wasipofanya hivyo sala zao zitazuiliwa. Wanawake wa kikundi cha sala hawakumbishia hodi mume yule kumpelekea onyo hilo.

Hoja ya pili ni kwamba usomaji huu unaweza kumdhalilisha Regina kwa kumfanya mtu asiye na uamuzi wowote. Hoja hii ina nguvu. Inawezekana Regina alibaki kwa ajili ya watoto wake, na kubaki huko kukawa na upendo ambao msomaji hana haki ya kuuita ujinga. Wapo akina mama wengi wa Kinondoni na Temeke ambao wamesomesha watoto kwa kubaki namna hiyo. Makala haya hayamlaumu anayestahimili. Yanawahoji wanaomshauri: mtu anaweza kuuchukua msalaba wake mwenyewe, lakini hakuna aliyepewa mamlaka ya kumtwisha mwenzake.

7.0 Hitimisho

Makala yamedai kwamba saburi katika Biblia ya Kiswahili ya 1952 ni kubaki katika imani chini ya uzito huku sauti ikiwa hai, na kwamba Rosa Mistika inaonesha gharama ya kuipokea saburi bila sauti hiyo. Utata umechangiwa kwa sehemu na safari ya maneno yenyewe: kusubiri kumekuwa kungoja, na kuvumilia kumekuwa kutokukasirika. Mambo mawili yanajitokeza kwa watafiti. Wanaoshughulika na tafsiri za Biblia wanapaswa kupima maana ambazo maneno ya mwaka 1952 yanazo leo katika vinywa vya wasemaji, si katika kamusi pekee. Wahakiki wa Kezilahabi nao wanahimizwa kumrudia Regina, kwa kuwa ndani yake mwandishi ameweka swali la kiteolojia ambalo halijajibiwa kwa kulaani ulevi wa Zakaria.

Kuhusu uwanja wa Mwenge, kinyago cha “ujamaa” kinaweza kutoa jibu ambalo si la kuwapuuza wanawake wale watatu. Walikuja, walikaa mkekani, walileta uji. Walikuwa wameanza kuubeba mzigo. Kilichobaki kilikuwa ni kumwuliza mwenzao jambo moja kabla ya kumwambia vumilia: “Unataka tukusindikize wapi?” Swali hilo mtafiti naye angeweza kuliuliza, na hakuliuliza.